Nukta Nyekundu Kwenye Ramani: Tunavyoambiwa Satelaiti Itaanguka Wapi

Jumamosi tarehe 10 Mei 2025, chombo cha Kisovieti kiitwacho Kosmos 482 kilirudi duniani baada ya kuzunguka huko juu kwa miaka 53. Wiki nzima kabla ya hapo mitandao ilijaa ramani zake. Kama uliziona, bila shaka unazikumbuka: dunia imetandazwa kama mkeka, juu yake mistari inapanda na kushuka kama mawimbi, na mahali fulani kwenye mstari mmojawapo kuna nukta nyekundu. Hapo ndipo kitakapoangukia, tukaambiwa. Leo nukta iko kwenye bara hili, kesho imehamia bahari ile, na watu kule chini kwenye maoni wanagombana: si mlisema kwao, mbona sasa ni kwetu?

Makala hii ni uhakiki wa ramani hizo. Tunahakiki riwaya, tunahakiki filamu; sioni kwa nini picha inayowaambia mabilioni ya watu watazame juu ipite bila kuguswa. Nianze na msimamo wangu ili tusizungushane. Hesabu zilizo nyuma ya ramani hizi ni nzuri, na wanaozifanya ni watu hodari. Kasoro iko kwenye namna zinavyokufikia wewe. Ile nukta nyekundu ndiyo habari yenye thamani ndogo kuliko zote kwenye ramani nzima, na ndiyo peke yake iliyopakwa rangi ya kuvutia macho.

Kwa nini nasema hivyo? Twende kwenye mwendo kwanza. Satelaiti iliyokaribia kuanguka hukimbia takriban kilomita 7.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 60 upate umbali wa dakika moja: zaidi ya kilomita 450. Sasa chukua ramani ya Kenya, piga mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ni kama kilomita 440. Maana yake ni kwamba mtaalamu akikosea dakika moja tu, kitu alichosema kitaangukia Nairobi kitakuwa kimefika Mombasa na kuanza kuingia baharini. Dakika moja! Na hakuna mtaalamu duniani anayeweza kukutajia dakika hiyo siku moja kabla.

Hawezi kwa sababu ya hewa. Sisi tumezoea kufikiri kwamba hewa inaisha mahali fulani, halafu inaanza anga tupu. Si hivyo. Hata kilomita 200 juu ya ardhi kuna hewa, nyembamba mno, lakini chombo kinachokwenda kwa kasi ile kinaigonga na kupunguziwa nguvu kidogo kidogo. Kila mzunguko kinashuka, kikishuka kinakuta hewa nzito zaidi, ikiwa nzito zaidi kinashuka haraka zaidi. Ni kama deni la riba.

Tatizo ni kwamba hewa hiyo haitulii. Jua likichachamaa, tabaka za juu za angahewa hupata joto na kufura kama maziwa yanayotaka kumwagika kwenye sufuria. Satelaiti iliyokuwa inapita mahali penye hewa haba inajikuta ghafla imezama kwenye hewa nyingi. Jua lina mzunguko wake wa karibu miaka 11, na kilele cha mzunguko huu tulio nao kiliangukia mwaka 2024. Kwa hiyo ili ujue satelaiti itaanguka saa ngapi, unatakiwa ujue jua litafanya nini kesho kutwa. Ukiweza hilo, achana na satelaiti, kuna kazi nyingine nyingi zinakusubiri.

Halafu kuna suala la umbo. Angusha karatasi ikiwa imelala, kisha angusha nyingine ikiwa imekunjwa kuwa mpira. Uzito ni uleule, lakini moja inafika chini mapema. Satelaiti yenye mabawa ya sola inayopinduka-pinduka ni karatasi na mpira kwa zamu. Mwaka 2011 satelaiti ya NASA iliyoitwa UARS, yenye uzito wa karibu tani 6, iliwaonyesha watu kazi. Katika siku za mwisho NASA ikatangaza kwamba inaelekea mkao wake umebadilika na sasa inashuka polepole zaidi. Siku ya kuanguka ikasogea kutoka tarehe 23 Septemba hadi tarehe 24. Ilishuka juu ya Pasifiki ya Kusini, karibu na Samoa ya Marekani, na mahali hapo penyewe palijulikana siku kadhaa baada ya tukio. Wakati huo tetesi za vipande kuangukia Kanada zilikwisha kuzunguka mitandaoni na kurudi.

Watu wa fani hii wana kanuni yao ya haraka-haraka: chukua muda uliobaki mpaka chombo kianguke, asilimia 20 yake ndiyo kosa la kutarajia, mbele na nyuma. Tuijaribu. Zikiwa zimebaki siku 5, kosa ni siku nzima huku na siku nzima kule. Siku mbili kwa jumla ni mizunguko zaidi ya 30 ya dunia, kwa sababu mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Zikiwa zimebaki saa 6, kosa ni dakika 72 kila upande, yaani mzunguko mmoja na nusu. Sasa njoo kwenye saa 2 za mwisho, wakati ambao kila mtu anadhani mambo yameshajulikana. Asilimia 20 ya saa 2 ni dakika 24. Ukijumlisha pande zote mbili unapata dakika 48, na dakika 48 kwa mwendo ule ni zaidi ya nusu ya dunia.

Rudi basi kwenye ramani yako. Nukta nyekundu ni katikati ya huo muda wa kukisia, basi. Haina sifa nyingine. Satelaiti ina nafasi inayokaribia kuwa sawa ya kuanguka dakika 10 kabla ya nukta au dakika 10 baada yake, yaani bara jingine kabisa. Mchoraji mwaminifu angepaka rangi mstari wote uliomo ndani ya muda huo, na ile nukta angeiacha bila hata jina. Wapo wanaofanya hivyo, na ramani zao hazivutii, kwa hiyo hakuna anayezisambaza.

Kosmos 482 inatufaa kama mfano kwa sababu kwa kweli kilikuwa kitu rahisi kukihesabu. Kilirushwa tarehe 31 Machi 1972 kwenda sayari ya Zuhura, roketi yake ya mwisho ikazima kabla ya wakati, na kikabaki kinaizunguka dunia. Kilichobaki juu mpaka 2025 kinaaminika kuwa ile sehemu iliyotengenezwa kutua Zuhura: karibu kilo 495, umbo linalokaribia mpira. Mpira hauna upande, hata ukipinduka hewa inauona vilevile. Ungetegemea majibu ya wataalamu yafanane. Hayakufanana. Shirika la Anga la Urusi lilisema kimeingia saa 3:24 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki (Moscow na sisi tuna saa moja, jambo ambalo huwa linanifurahisha bila sababu) na kuangukia Bahari ya Hindi magharibi ya Jakarta. Vituo vingine vilikuwa na saa zao na mahali pao.

Hapa nataka kulipongeza Shirika la Anga la Ulaya, ESA, kwa sababu mhakiki akikosoa tu watu wanamchoka. Taarifa yao ya siku ile ilikuwa mfano mzuri wa kueleza jambo usilolijua lote. Walisema hivi: rada ya Ujerumani ilikiona chombo kikipita saa 3:04 asubuhi. Kilipotarajiwa kupita tena, saa 4:32, rada haikukiona. Kwa hiyo kimeanguka kati ya saa hizo mbili. Hakuna nukta wala mshale. Ni kama mama anayejua mtoto alikuwa uani wakati wa adhana na hayupo wakati wa chakula: hajui ametokea mlango gani, lakini anajua ni muda gani wa kuulizia. Mtu wa kawaida anaielewa taarifa ya namna hiyo bila kusoma fizikia. Mbona basi vyombo vingi vya habari havikuinukuu, vikakimbilia ramani?

Kuna kitu kingine kinachostahili kusemwa kwa sauti: zile tovuti zinazokuonyesha satelaiti "mubashara". Unafungua, unaona kidoti kinatembea juu ya Afrika, unampigia rafiki, "kiko juu yetu sasa hivi!" Hapana. Hakuna anayekitazama. Tovuti imechukua vipimo vya obiti vilivyotolewa saa kadhaa zilizopita na programu inaendelea kukadiria kinapaswa kuwa wapi. Kwa satelaiti yenye afya iliyo juu sana, makadirio hayo ni safi kabisa. Kwa inayokufa, yanapotoka kila dakika. Kichekesho chake ni kwamba chombo kinaweza kuwa kimeshaanguka na kuzama, na kidoti bado kinazunguka dunia kwenye simu yako kwa raha zake. Sizichukii tovuti hizi, mimi mwenyewe nazitumia kutafuta kituo cha ISS jioni. Ila neno "mubashara" lingeondolewa, au liandikwe pembeni kwamba kipimo cha mwisho ni cha saa ngapi.

Utauliza: kwani hakuna anayejua kwa uhakika? Wapo, baada ya tukio. Jeshi la Marekani lina satelaiti za kuona joto, zilizowekwa juu kwa ajili ya kugundua makombora yanaporushwa. Chombo kinapoungua kuingia angahewani nazo hukiona. Ndiyo maana mara nyingine unakuta taarifa ya mwisho ya Marekani ina kosa la dakika moja tu, huku zote zilizotangulia zikiwa na makosa ya saa nzima. Lakini kujua baada ya tukio kunamsaidia mwanahistoria. Aliye chini ya njia hiyo hakumfai kitu.

Sasa tuzungumzie takwimu za faraja, maana kila taarifa huja nazo. Ya UARS ilikuwa hivi: uwezekano wa mtu kudhurika ni 1 kwa 3,200. Watu wengi walisoma kwamba kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya 3,200 za kupigwa na chuma, na hiyo kweli ingetisha. Namba ile ilihusu mtu yeyote mmoja kati ya watu wote waliokuwa duniani, wakati huo karibu bilioni 7. Wewe binafsi nafasi yako ilikuwa moja kati ya zaidi ya trilioni 20. Namba moja ni ya wizara inayoamua kama satelaiti ishushwe kwa utaratibu au iachwe; nyingine ni ya mtu anayejiuliza kama atoke nje kuanika nguo. Zikitolewa bila kutenganishwa, mmoja anaogopa bure na mwingine anadharau kisichostahili kudharauliwa.

Faraja ya pili: "sehemu kubwa ya dunia ni maji." Ni kweli, kama asilimia 71. Ukitaka kuwa mkarimu zaidi, ikweta yenyewe hupita juu ya maji kwa karibu asilimia 79 ya urefu wake. Lakini hebu angalia ile asilimia 21 iliyobaki. Ni Ekuado, Kolombia, Brazili, Gaboni, Kongo mbili, Uganda, Kenya, Somalia, Indonesia. Hiyo ndiyo orodha ambayo sentensi ya faraja inairuka.

Na orodha hiyo haijakaa bure. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kipenyo chake ni kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya, KSA, lilifika, likaichukua na kutangaza kwamba kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Zikazuka habari kwamba Kenya inaidai India fidia, KSA ikazikanusha. Baadaye Marco Langbroek, mfuatiliaji wa satelaiti wa Uholanzi, akapendekeza kwamba huenda ni kipande cha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa mwaka 2008, wengine hawakushawishika.

Linganisha matukio haya mawili. Kosmos 482, chombo chenye historia ya kusisimua ya Zuhura na Vita Baridi, kilipata ramani, saa za kuhesabu kurudi nyuma na mijadala ya wiki nzima, kikaishia mahali ambapo hakuna aliyekiokota. Pete ya Mukuku ina uzito uleule, ilifika kweli kijijini mchana kweupe, na wakazi hawakuwa na onyo la aina yoyote. Ndiyo hasira yangu na aina hii ya uandishi: inafuata jina la chombo badala ya kufuata hatari.

Hatari yenyewe ina jiografia yake. Roketi inayopeleka satelaiti ya mawasiliano kwenye obiti ile ya juu kabisa huacha vipande kwenye njia ndefu yenye umbo la yai. Ikirushwa kutoka Kourou, karibu na ikweta, njia hiyo huinama nyuzi chache tu. Maana yake kila inaposhuka karibu na dunia iko juu ya nchi za ukanda wetu. Inaweza kuchukua miaka kumi na zaidi kabla haijadondoka. Na kwa kuwa inabaki karibu na ikweta, rada nyingi zilizojengwa kaskazini haziioni vizuri. Kwa hiyo vitu vinavyopita juu yetu zaidi ndivyo vinavyofuatiliwa kwa shida zaidi. Mwaka 2022 Michael Byers na wenzake waliandika katika jarida la Nature Astronomy kwamba mabaki ya roketi yana uwezekano wa karibu mara tatu wa kuangukia latitudo za Jakarta, Dhaka, Mexico City na Lagos kuliko zile za New York, Beijing na Moscow. Wakakadiria pia kwamba katika miaka kumi inayofuata kuna uwezekano wa kama asilimia 10 wa mtu kudhurika. Mabaki hayo mengi yangeweza kushushwa kwa utaratibu baharini. Ni gharama ya mafuta kidogo na injini inayoweza kuwashwa tena.

Sisi tungeweza kufanya nini? Kenya ina Malindi. Kituo cha Luigi Broglio kinachoendeshwa na Waitaliano pale kimepokea data za satelaiti kwa miaka mingi, zikiwemo za BeppoSAX, satelaiti ya mionzi ya eksi iliyozunguka ikweta kwa mwinamo wa nyuzi 4 hivi. Ilipoishiwa ikaachwa ishuke yenyewe, na tarehe 29 Aprili 2003 ikaangukia Pasifiki. Ilikuwa haiwezi kuangukia Italia hata kwa bahati mbaya! Njia yake yote ilikuwa juu ya nchi za ikweta. Sizungumzi ubaya wa mtu, walitoa taarifa kama inavyotakiwa. Nasema tu kwamba tuna kituo, tuna wahandisi, na vyuo vyetu vina wanafunzi wanaoweza kuendesha programu za kukadiria kuanguka kwa laptopu ya kawaida. Vipimo vya obiti viko wazi mtandaoni, unajisajili bure. Hesabu hiyo haina siri. Kinachokosekana ni mtu wa kuitafsiri kwa ajili ya Makueni, Morogoro au Mbarara.

Taarifa hiyo ingekuwaje? Fupi. Itaje kwanza muda: kitu hiki kitaanguka kati ya saa fulani na saa fulani. Ifuate swali pekee linalomhusu msomaji: je, katika muda huo kinapita juu ya nchi yetu, mara ngapi, na saa ngapi? Kama hakipiti, sema hakipiti, watu wakalale. Kama kinapita mara moja kwa dakika tatu, sema hivyo. Nukta isiwepo. Kisha useme taarifa nyingine itatoka lini, kwa sababu muda utakuwa umepungua, na msomaji ajue kupungua huko si kubadilika-badilika kwa kauli.

Faida yake inaonekana hata kwenye pesa. Tarehe 4 Novemba 2022 Hispania ilifunga sehemu ya anga lake kwa kama dakika 40 kwa sababu ya roketi ya Kichina, Long March 5B. Ndege karibu 300 ziliathirika. Roketi ikaenda kuangukia Pasifiki. Unaweza kubisha kama walifanya sawa, lakini angalau kulikuwa na mtu mwenye saa mkononi aliyejua dakika zipi ni zao.

Mwisho wa taarifa iwekwe mistari miwili ambayo ramani za mtandaoni huwa haziandiki. Kwamba ukikuta kipande, usikiguse: matangi ya satelaiti yanaweza kubaki na haidrazini, mafuta yenye sumu kali, na chuma kinaweza kuwa na kingo zinazokata kama wembe. Na kwamba upige simu polisi au kwa chifu, usikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu chini ya Mkataba wa Dhima wa 1972 nchi iliyorusha ndiyo inayowajibika kulipa hasara, na bila kipande hakuna wa kumwonyesha.